Tumelipa watu watuhesabie paking, kumbe tatizo ni sisi wenyewe

Nyota 3 na nusu kwa 5, na hiyo nusu naitoa kwa shingo upande. Umoja wetu wa wenye maduka mjini kati tulichanga tukaita kampuni ya ushauri, jina siwataji, waje wapime kama paking zinatosha na ardhi ya huku inatumikaje, maana kila kikao kelele ni zilezile, wateja hawaji sababu hamna pa kupaki, tubomoe lile jengo la kona tuweke uwanja wa magari.

Kuhesabu wamehesabu, hapo siwadai. Vijana wao walizunguka kila saa toka asubuhi mpaka usiku, siku ya kazi na jumamosi, wanaandika tarakimu za plate namba kwenye kila nafasi. Mimi nilicheka nikasema droni zipo nyie bado mnatembea na daftari, kumbe droni ingeonyesha tu pamejaa, isingesema nani kajaza na kakaa muda gani.

Ripoti ikaja. Ukurasa wa mtaa wetu una jedwali, nafasi zinashuka chini, masaa yanaenda pembeni, nikaona nafasi ya tatu plate ni ileile saa 2 asubuhi, saa 3, saa 4, mpaka saa 11 jioni. Nikaivuta karibu. Yangu! Mbele ya duka langu mwenyewe siku nzima, na jirani yangu hivyohivyo, yaani sisi tunaolia wateja hawana pa kupaki ndo tumewakalia sehemu zao, na nyuma ya jengo la ofisi, mwendo wa dakika mbili, kuna uwanja nusu yake tupu saa hizohizo. Aibu niliyosikia jamani.

Wameeleza vizuri pia kwamba mtaa wenye nafasi 20 ukiwa na magari 17, yaani asilimia 85, ndo umekaa sawa, zile 3 zinazobaki ndo zinafanya mtu asizunguke kama nzi. San Francisco toka 2011 waliweka vifaa vya kuhisi magari (sensor) barabarani wakawa wanapandisha na kushusha bei mtaa kwa mtaa kwa hesabu za namna hiyo.

Sasa upande wa ardhi ndo wameboronga. Walichukua kila jengo wakaandika idadi ya magari yake saa linapojaa sana, halafu wakajumlisha zote, kama vile ofisi, sinema na kanisa vinajaa muda mmoja! Ofisi ni mchana, sinema ni usiku, kanisa ni jumapili, nafasi ileile moja inaweza kuhudumia wote watatu. Tena hakuna mteja hata mmoja aliyeulizwa kaja na nini, wangu wengi wanashuka kituo cha basi hapo mbele. Tulivyowabana wakarudia, na upungufu waliouandika kwa wino mwekundu ukayeyuka karibu wote. Je tusingeuliza?

Na lile jengo la kona wameliandika "eneo linalofaa kwa maegesho", basi. Nafasi ya gari ni kama mita 2.5 kwa 5 lakini ukiweka na njia ya kuingilia na kugeuzia inafika mita za mraba 25 mpaka 30, kwa hiyo magari 100 yanameza karibu 3,000, na pale ndani sasa hivi kuna mafundi cherehani, kliniki ya meno na duka la vitabu, hao wanaenda wapi ripoti haisemi. Wala hawajagusa sheria ya kila jengo jipya lazima lije na nafasi kadhaa za magari, wakati Buffalo kule Marekani waliifuta 2017.

Ramani ni nzuri ila kwenye simu husomi kitu, na walichelewa.

Kuhesabu ningewaita tena, ya ardhi tutafute mwingine. Mimi sasa napaki kule nyuma. Jirani bado yupo palepale mbele, anasema goti linamsumbua.