Filamu za 2026: Ipi Inastahili Kiingilio cha Ukumbini?

Kalenda ya sinema ya mwaka 2026 imejaa kiasi kwamba mpenzi wa filamu wa Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam asiye na fedha za kuchezea hana budi kuchagua. Tiketi ya mtu mmoja si mzigo mkubwa, lakini familia ya watu wanne ikishaongeza nauli, bisi na soda, jioni moja ya ukumbini inaweza kumaliza fungu la burudani la mwezi mzima. Kwa hiyo tathmini hii, inayotegemea trela, taarifa za watayarishaji na kazi za nyuma za waongozaji, haiulizi tu kama filamu fulani itakuwa nzuri. Inauliza kama ina kitu ambacho mtazamaji atakikosa akisubiri kuitazama nyumbani kwenye televisheni au simu.

Kipimo hicho kina upande wa pili ambao wahakiki wa Marekani hawana haja ya kuufikiria. Filamu za Hollywood huoneshwa kwetu kwa Kiingereza, na kwa kawaida bila maandishi chini ya picha. Hata mtu aliyesoma kwa Kiingereza hadi chuo kikuu hupoteza sehemu ya mazungumzo pale mwigizaji anaponong'ona au muziki unapopanda juu ya sauti yake. Wanaosubiri filamu ifike kwenye kibanda ikiwa na masimulizi ya Kiswahili, kwa mtindo uliompa jina DJ Afro nchini Kenya, hawafanyi hivyo kwa ajili ya unafuu wa bei peke yake; wanataka kuifuata hadithi bila kubahatisha.

Kwa upande wa picha, hakuna filamu ya mwaka huu inayoikaribia The Odyssey ya mwongozaji Christopher Nolan, iliyopangwa kutoka tarehe 17 Julai. Ni hadithi ya Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaca, ambaye baada ya vita vya Troy vya miaka 10 anatumia miaka mingine 10 kurudi kwake, huku mkewe Penelope akizingirwa na wanaume wanaotaka kumwoa na kula mali ya nyumba. Matt Damon ndiye Odysseus, Anne Hathaway ni Penelope, na Tom Holland ni mwana wao, Telemachus. Mkenya mwenzetu Lupita Nyong'o yumo pia katika kundi hilo, jambo ambalo peke yake litawatoa watu wengi nyumbani.

Kinachoifanya filamu hii iwe ya ukumbini si majina hayo. Ni filamu kubwa ya kwanza ya kubuni kupigwa yote, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa kamera za ukanda wa filamu za IMAX, mfumo wa picha na vioo vikubwa kuliko vya kawaida. Nolan alikuwa akizitumia kamera hizo kwa vipande tu, kwa sababu zilikuwa nzito na zikipiga kelele kiasi cha kuharibu mazungumzo ya karibu. Safari hii IMAX ilimtengenezea kamera nyepesi zenye sauti ndogo, naye akatumia zaidi ya futi milioni 2 za ukanda, akipiga picha Morocco, Ugiriki, Sicily, Iceland na Scotland, baadhi zikiwa za baharini. Katika kionjo kilichotangulia, kilichooneshwa kwenye kumbi Julai 2025, kuna picha moja inayotosha kueleza nia yake: mtu analala juu ya mabaki ya mbao katikati ya bahari, maji yakijaza kioo chote, bila nchi kavu wala chombo kingine kuonekana. Kwenye simu hiyo ni picha ya mtu na ubao. Kwenye kioo chenye urefu wa ghorofa kadhaa, mtazamaji anatambua mara moja jinsi binadamu huyo alivyo mdogo na jinsi safari yake ilivyo ndefu.

Hata hivyo, ukweli kuhusu kumbi zetu lazima usemwe. Kuna kumbi chache tu duniani zenye mitambo ya kuonesha ukanda wa IMAX wa milimita 70, nyingi zikiwa Marekani, na hakuna hata mmoja Afrika Mashariki. Ukumbi wa IMAX wa jengo la 20th Century katikati ya Nairobi, uliofunguliwa mwaka 2012, ni wa dijitali, na kioo cha aina hiyo hukata sehemu ya picha juu na chini ikilinganishwa na ule ukanda. Bado ni kioo kikubwa chenye sauti nzuri kuliko kumbi za kawaida, na mkazi wa Nairobi asiwe na sababu ya kuitazama filamu hii kwingine. Kwa Dar es Salaam, ushauri wangu ni kuchagua chumba chenye kioo kikubwa zaidi katika ukumbi ulio karibu, na kukaa katikati, theluthi mbili ya njia kuelekea nyuma.

Wasiwasi wangu ni sauti. Nolan ana tabia ya kuacha muziki na vishindo vifunike maneno. Katika Tenet ya mwaka 2020 hata wazungumzaji wa Kiingereza walilalamika. Mtazamaji wa kwetu anaweza kujikinga kwa kuisoma hadithi yenyewe kabla ya Julai. Ina umri wa zaidi ya miaka 2,500, kwa hiyo hakuna atakayesema ameharibiwa utamu.

Kwa Project Hail Mary, iliyopangiwa tarehe 20 Machi, ushauri ni kinyume kabisa: usitazame chochote mapema, hata trela. Ryan Gosling anaigiza mwalimu wa sayansi anayezinduka peke yake ndani ya chombo cha angani, mbali na jua letu, akiwa hakumbuki jina lake wala kwa nini yuko huko. Utamu wa kitabu cha Andy Weir cha mwaka 2021 ulitokana na msomaji kugundua mambo pamoja na mhusika, hatua kwa hatua, kuanzia kile kinacholifanya jua lipoteze nguvu hadi nani mwingine yuko huko angani. Trela ya kwanza, iliyotolewa Juni 2025, inamwaga karibu yote hayo kwa dakika chache, pamoja na jambo moja ambalo kitabu kilikuwa kimelificha kwa kurasa nyingi. Sijui ni nani aliyeamua hivyo, lakini inaonekana kampuni haikuamini kwamba mtu mmoja katika chumba kimoja anaweza kuuza tiketi.

Waongozaji wake ni Phil Lord na Christopher Miller, wanaofahamika zaidi kwa vichekesho na katuni, na mpiga picha ni Greig Fraser, aliyepiga sehemu mbili za kwanza za Dune. Mchanganyiko huo unanipa imani kuwa itakuwa na ucheshi bila kupoteza ukubwa wa anga. Tatizo ni kwamba ni filamu ya maelezo: mhusika anapiga hesabu, anafanya majaribio, anajieleza kwa sauti. Mwanafunzi wa kidato cha 4 anayependa fizikia ataifurahia kuliko mtu yeyote. Anayekwenda kutafuta mapigano atasinzia.

Michael, inayotarajiwa tarehe 24 Aprili, ndiyo ninayoitilia shaka zaidi na ndiyo nitakayoitazama kwa hamu zaidi. Jukumu la Michael Jackson amepewa Jaafar Jackson, mtoto wa kaka yake Jermaine, na katika trela kijana huyo ana yale mabega, shingo na mguu wa kushoto ambavyo mwigizaji wa kuajiriwa angehitaji miaka kuviiga. Colman Domingo ni baba mkali, Joe Jackson. Mwongozaji ni Antoine Fuqua, aliyezoea filamu za askari na wahalifu, ambaye sikutegemea kumwona hapa.

Shaka yangu inatokana na walioshika mpini. Wasimamizi wa mirathi ya marehemu ni miongoni mwa watayarishaji, na mtayarishaji mkuu, Graham King, ndiye aliyetengeneza Bohemian Rhapsody mwaka 2018, filamu iliyopendeza masikioni lakini ikapitisha pasi juu ya makunyanzi yote ya maisha ya Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen na mzaliwa wa Zanzibar, ambaye kisiwa chake kilipewa nafasi finyu mno. Tarehe ya Michael imeahirishwa zaidi ya mara moja, kutoka Aprili 2025 hadi Oktoba 2025 na sasa Aprili 2026, na hadithi yake ni kubwa kuliko jukwaa: kuna tuhuma za kudhalilisha watoto, na kesi ya mwaka 2005 ambayo mahakama ya California ilimwona hana hatia. Filamu inayosimamiwa na wenye mali sioni ikizikabili habari hizo kwa macho makavu.

Lakini kwa kigezo chetu cha ukumbi na lugha, hii inapita pande zote mbili. Nyimbo na miondoko havihitaji tafsiri, na vipaza sauti vya ukumbini ndivyo mahali pake. Wakongwe wa Dar es Salaam bado wanaikumbuka ziara yake ya mwaka 1992, na wapenzi wa albamu ya Bad ya mwaka 1987 wanajua kwamba wimbo wake kuhusu binti wa Liberia unafunguliwa kwa Kiswahili, kwa sauti ya Letta Mbulu wa Afrika Kusini, ingawa Liberia haizungumzi Kiswahili hata kidogo. Kama filamu itakipa kipande hicho hata nusu dakika, ukumbi wa Mlimani City utasikika hadi barabarani.

Kwa watoto, Toy Story 5 inatoka tarehe 19 Juni, katikati ya likizo ya shule za Tanzania. Wazazi wa Kenya watalazimika kutafuta Jumamosi. Safari hii midoli ya akina Woody na Jessie inapambana na kishikwambi kinachoitwa Lilypad, ambacho kimeiteka akili ya mtoto mwenye midoli hiyo. Mzazi yeyote ambaye simu yake hairudi mkononi hadi chaji iishe atajiona. Andrew Stanton, aliyekuwa miongoni mwa waandishi wa sehemu ya kwanza ya mwaka 1995, ndiye mwongozaji. Ni katuni, maneno yake hutamkwa wazi, lakini hakuna kinachodai kioo kikubwa. Inaweza kusubiri.

Desemba ina mgongano. Tarehe 18 zimepangwa Avengers: Doomsday na Dune: Part Three kwa siku moja. Avengers inamrudisha Robert Downey Jr., safari hii akiwa Doctor Doom badala ya Iron Man, na itavuta umati mkubwa zaidi bila shaka. Ila inamtaka mtazamaji awe amehudhuria filamu zaidi ya 30 zilizotangulia, na mimi nimechoka kulipa kiingilio ili nipewe mtihani. Dune ya Denis Villeneuve inatokana na kitabu cha Frank Herbert cha mwaka 1969, na ina ujasiri ambao filamu za mashujaa hazina: Paul, mhusika mkuu aliyeshangiliwa kama mkombozi katika sehemu ya 2, sasa ni mtawala ambaye vita vilivyopiganwa kwa jina lake vimeua, kwa hesabu ya kitabu, watu bilioni 61. Mtazamaji aliyezoea kwamba steringi hakosei atatoka ukumbini akinung'unika, na hiyo ndiyo nia ya mwandishi tangu mwanzo.

Jangwa la Dune limepigwa Abu Dhabi, sehemu yake kwa kamera za IMAX, na muziki ni wa Hans Zimmer. Kampuni ya filamu hiyo imeshahifadhi kumbi za IMAX kwa majuma ya mwanzo, kwa hiyo Avengers italazimika kuanza kwenye vioo vya kawaida. Werwulf ya Robert Eggers, filamu ya kutisha ya Uingereza ya karne ya 13 ambayo mazungumzo yake yanaelezwa kuwa ya Kiingereza cha enzi hizo, inafuata siku ya Krismasi; bila maandishi chini ya picha hata profesa wa fasihi atapotea, nami nitaisubiri nyumbani. Anayetaka kuiona Dune inavyostahili akate tiketi yake ya Nairobi kabla ya mwaka mpya, kwa sababu ukumbi wa IMAX ni mmoja na majuma hayo hayataongezwa.