HubSpot kwenye tovuti ya WordPress: nani inamfaa, nani anajisumbua

Wadau, karibuni. Leo tunaichambua HubSpot, ile plagini yake (programu ndogo ya nyongeza) ya WordPress, mfumo wa kutengenezea tovuti, na jibu nalitoa mapema ili mwenye haraka aondoke nalo. Kama unauza safari za Kilimanjaro au Serengeti kwa wageni wa Ulaya na Marekani, iweke, tena ya bure inatosha kuanzia. Kama unauza makochi pale Keko na wateja wako wote wanakutafuta WhatsApp, utajisumbua bure. Wenye muda kaeni niwaonyeshe.

Kwa asiyeijua, HubSpot ni kampuni ya Marekani, ilianzishwa mwaka 2006 na Brian Halligan na Dharmesh Shah, waliokutana wakisoma MIT, chuo kikuu cha huko huko Marekani. Wanauza programu ya kutunza taarifa za wateja, ile tunayoiita CRM, na juu yake wameweka zana za masoko: fomu, barua pepe, chati ya kwenye tovuti. Kuiunganisha na tovuti yako hakuna ufundi wowote. Unaingia sehemu ya plagini, unaitafuta, unasakinisha, unawasha, unaingia kwenye akaunti yako. Basi. Yenyewe inapachika msimbo wa ufuatiliaji, ule unaorekodi mgeni kafungua nini, kwenye kurasa zako zote. Hata kama ulishaweka fomu ya Contact Form 7, plagini nyingine ya fomu, huna haja ya kuitoa, inaweza kuzinasa taarifa zake, ingawa mimi ningetumia fomu ya HubSpot yenyewe kwa sababu ina mipangilio mingi zaidi.

Sasa tazameni hapa kwenye skrini. Huyu ni mteja wa mfano kwenye akaunti ya majaribio. Angalieni mtiririko wake: kafika kwenye ukurasa wa njia ya Machame ya kupandia Kilimanjaro, kahamia njia ya Lemosho, kafungua bei, kaondoka. Baadaye karudi, safari hii kajaza fomu: watu wanne, mwezi wa pili. Alipokuja mara ya kwanza mfumo haukumjua jina, ulimwekea kuki tu, yaani kijifaili cha alama kwenye kivinjari chake. Alipojaza fomu, zile ziara za mwanzo zikaunganishwa na jina lake. Kwa hiyo dada wa mauzo anayemjibu hahitaji kumwelezea njia nyingine kama Marangu. Anajua huyu mtu yuko njia panda kati ya Machame na Lemosho, na bei kashaiona. Barua ya kwanza inaanzia hapo hapo. Kwangu mimi, hii ndiyo sababu hasa ya kuiweka. Hayo mengine utayapata hata kwingine.

Lakini hiyo hiyo kuki ina mtego, na huu sisi unatuhusu sana. Ofisi nyingi zina laptopu moja pale mapokezi. Mgeni anaingia kwa miguu, mhudumu anafungua tovuti, anamjazia fomu. Anakuja wa pili, anajaziwa kwenye kivinjari kile kile. Mfumo unaona kuki ileile, unadhani ni mtu yuleyule kabadilisha barua pepe, na taarifa za wa pili zinaandikwa juu ya za wa kwanza. Jioni mmehudumia watu kumi, kwenye dashibodi yuko mmoja! Kwenye mipangilio ya fomu tafuta chaguo la kufungua jalada jipya kila inapoingia barua pepe mpya, uliwashe. Au bora zaidi, wageni wa mapokezi waingizwe moja kwa moja ndani ya CRM, fomu ya tovuti waachiwe walioko mbali.

Jambo la pili ni lile lililonifanya nimtoe mtu wa Keko. HubSpot inamtambua mtu kwa barua pepe. Namba ya simu kwake ni taarifa ya ziada tu. Ukimwandika mteja leo kwa 07, kesho mwenzako akamwandika kwa +255, bila barua pepe, una majalada mawili ya mtu mmoja. Na mteja wa kochi, jamani, anakupa barua pepe ya nini? Ameona picha, anauliza bei, anauliza usafiri mpaka Mbagala, kamaliza. HubSpot inaunganishwa na WhatsApp, ndiyo, lakini ni kwenye vifurushi vya juu, na huko unaweza kulipa mamia ya dola kwa mwezi. Biashara ya aina hiyo chukua WhatsApp Business, weka lebo zako, usonge mbele.

Hata ule uotomatiki wenyewe, yaani mteja akifungua bei atumiwe hiki, asipojibu atumiwe kile, ukiutaka kwa ukamilifu upo huko huko juu. Kwenye bure unapata kionjo tu: fomu ikijazwa, barua ya kwanza inajituma. Anayetaka mfululizo wa barua kwa gharama ndogo aangalie Brevo, huduma ya kutuma barua pepe za masoko, au FluentCRM, plagini ambayo inakaa ndani ya WordPress yako na taarifa zinabaki kwenye seva yako.

Kabla hujaanza kutuma, weka kisanduku cha ridhaa kwenye fomu, na kisiwe kimeshawekewa tiki. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023. Ndugu zetu wa Kenya wana ya kwao tangu 2019. Kukupa barua pepe ili apate bei siyo ruhusa ya kumtumia ofa kila Ijumaa.

Mwisho, unganisha domeni yako, yaani lile jina la tovuti yako, na HubSpot. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza kwa wanaotuma barua kwa wingi, na usipothibitisha domeni, barua zako zinaweza kuishia kwenye spamu hata ukiziandika vizuri vipi. HubSpot itakupa rekodi za kubandika kule ulikonunulia domeni. Ukishaziweka, jitumie barua moja kutoka HubSpot kwenda Gmail yako, ifungue, bonyeza vile vidoti vitatu, chagua kuonyesha ujumbe wa asili, uangalie SPF, DKIM na DMARC, vipimo vitatu vya kuthibitisha kwamba barua imetoka kwenye domeni yako kweli. Zote tatu ziwe zimeandikwa PASS. Hata moja ikigoma, usitume ofa kwa mteja yeyote mpaka uirekebishe.