Hita ya maji ya gesi: kabla ya kuuliza bei, uliza moshi utatokea wapi

Doa lilianza dogo kama kisahani cha chai, kwenye dari ya chumba cha watoto. Nilidhani bati linavuja, ingawa hapa Kibuli, Kampala, wiki mbili nzima haikudondoka hata tone. Fundi alipopanda na tochi alikuta mbao zimelowa, na katikati yake mdomo wa bomba la moshi la hita yetu ya gesi. Aliyetufungia hita alilipitisha bomba kwenye dari akaliacha humo humo, hakulifikisha juu ya bati. Miezi saba tulioga maji ya moto huku moshi ukijaa juu ya vitanda vya watoto.

Maji yale yalitoka kwenye gesi yenyewe. Kilo moja ya propani ikiungua hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Mvuke unapofika, kaboni monoksaidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, nayo inaweza kufika. Haina rangi wala harufu, na hung'ang'ania damu mara 200 na zaidi kuliko oksijeni. Binti yangu alikuwa akiamka kichwa kinamuuma na kichefuchefu juu yake. Tulimpima malaria mara mbili.

Kwa hiyo lita kwa dakika na urembo wa boksi naviacha. Muuzaji atakueleza hayo bila kuulizwa. Mimi nazipanga hita kwa namna zinavyotoa moshi nje.

Ya kwanza ni hita ya kufungwa nje kabisa, ukutani, na sifichi kwamba naipenda Rinnai. Kampuni hiyo ya Nagoya, Japani, ipo tangu 1920, na hita zake za nje husukuma moshi kwa feni kupitia tundu la mbele ya boksi. Hakuna bomba refu la fundi kukosea. Ndiyo niliyonayo sasa, ukuta wa nyuma upande wa kamba za nguo, mbali na dirisha. Ni ghali, na inataka umeme. Umeme ukikatika tunachemsha maji jikoni. Nimeyakubali yote mawili. Ila usiifunge kwenye kibaraza kilichozibwa, maana hapo umeirudisha ndani.

Kama lazima ikae ndani, tafuta ile yenye mabomba mawili, moja ndani ya jingine: hewa inavutwa kutoka nje na moshi unarudi nje, hewa ya chumba haiguswi. Ikikosekana, chukua ya feni yenye bomba moja, na fundi aliinamishe kidogo kuelekea nje ili mvua isitiririkie kwenye hita.

Ya nne ndiyo wengi wetu tunanunua, na ndiyo iliyoniponza: ya betri mbili, isiyo na feni, ambayo moshi wake hupanda kwa joto lake tu. Moshi wa namna hiyo hausukumwi na chochote, kwa hiyo kila kona inaupa kazi. Bomba lipande wima walau sentimita 60 kabla ya kona ya kwanza, kona zisizidi mbili, upana wake usipungue ule wa shingo ya hita, na litoke juu ya bati likiwa na kofia. Bomba la kukunjika kama kodioni, la aluminiamu nyembamba, likatae. Linabonyea na kutoboka. La plastiki usilitaje. Mafundi wa Katwe wanakunja bati gumu vizuri, wape vipimo.

Likishafungwa, funga milango na madirisha, washa hita dakika kumi, kisha sogeza kijiti cha udi kwenye uwazi wa juu ya hita, pale moshi unapoingia bombani. Moshi wa udi ukivutwa ndani, sawa. Ukikurudia usoni, zima, fungua madirisha, na asioge mtu hadi bomba lirekebishwe. Angalia na moto: unatakiwa uwe wa buluu. Ukiwa wa njano na masizi, zima.

Hita zisizo na bomba kabisa, za bei ya chini, za kutundikwa bafuni: usinunue.

Sasa wauzaji. Dada mmoja wa Jinja aliniandikia kwamba aliuzwa kengele ya moshi wa hita, kumbe ni ya kunasa gesi ya mtungi inayovuja. Gesi ya mtungi ni nzito, hulala sakafuni. Kaboni monoksaidi huchanganyika na hewa unayovuta. Ni kengele mbili tofauti. Unayoitaka, ya kaboni monoksaidi, huandikwa EN 50291, soma boksi mwenyewe.

Mimi nilirudi dukani na picha ya dari. Muuzaji akasema, "Mama, bomba ni kazi ya fundi." Fundi akasema alipewa mita moja na nusu tu, ndiyo iliyokuwa kwenye boksi, na hakuna aliyemwambia aongeze. Laki nne na nusu nililipa, na katika hela zote hizo hakuna aliyeniuliza nyumba yangu ina urefu gani. Kutoka shingo ya hita hadi juu ya bati kwangu ni karibu mita tatu. Pima kwako kabla ya kutoka nyumbani, na bomba lote ulinunue siku hiyo hiyo na hita.