Uzoefu wangu: nimetoka RAM GB 8 kwenda GB 16 kwenye EliteBook, kazi za steshenari mchana na gemu usiku

Wakuu salama? Mashine yangu ni laptopu, HP EliteBook 840 G5, zile zilizotumika zinazokuja kutoka nje, prosesa i5 ya kizazi cha nane, diski ni SSD ya GB 256, na ilikuja na RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika vitu ulivyofungua) GB 8 kipande kimoja. Nikaongeza kipande kingine cha GB 8 zikawa 16, na nimeshaitumia vya kutosha sasa niseme kitu, maana mtandaoni kila mtu ana namba yake, huyu anakwambia 8 inatosha, yule chini ya 32 usinunue, na hakuna anayekuuliza hiyo mashine unaifanyia nini.

Mimi naifanyia haya. Mchana niko steshenari hapa Mwanga, Kigoma mjini, na wenye steshenari mnajua msimu wa maombi ya mkopo wa chuo wa HESLB ukifika hali inakuwaje. Hapo Chrome ina ukurasa wa mkopo wa huyu, Ajira Portal ya yule anayeomba kazi serikalini, WhatsApp Web ya kupokelea mafaili ya wateja, barua pepe mbili tatu, Word kuna barua haijaisha, PDF za vyeti vilivyotoka kwenye skana, na YouTube pembeni inapiga taarabu kwa sababu kazi bila mziki mimi siwezi. Usiku nikifunga ndo gemu, mimi na mdogo wangu.

Sasa GB 8 ilikuwaje. Windows 11 ikiwaka tu hujagusa kitu inakula GB 3 mpaka 4 hivi. Microsoft wenyewe wameandika kima cha chini ni GB 4, na kweli ukiwa na 4 itawaka, ila kuwaka na kufanya kazi ni mambo mawili tofauti kabisa. Chrome nayo karibu kila ukurasa unaofungua inauendesha peke yake kwa hiyo kila ukurasa unakuja na mdomo wake, ukifikisha ishirini na kitu unakuta kumbukumbu iko asilimia 90 na zaidi. Ikifika hapo haizimi, inaanza kuhamishia vitu kwenye SSD. Ni kama pale Kibirizi kwenye mwalo wa dagaa, chanja zikijaa dagaa wanamwagwa mchangani, watakauka tu lakini utakula na michanga. SSD hata iwe nzuri vipi haiifikii RAM kwa spidi, na kama bado una HDD ya kuzunguka ndo utachoka kabisa. Yaani unabonyeza Word inakaa nyeupe, mshale unazunguka, mteja kasimama mbele yako, "kaka vipi, mtandao umesumbua?" Nikawa nawajibu tu subiri kidogo mdogo wangu, mtandao uko poa, shida iko humu ndani.

Kabla hujatoa hela bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka Task Manager, nenda sehemu ya Performance halafu Memory. Fanya hivyo ukiwa katikati ya kazi zako za kawaida, usifanye mashine ikiwa ndo kwanza imewaka. Ukikuta inacheza asilimia 60 au 70 basi shida yako siyo RAM, angalia diski au prosesa. Pale chini pia pameandikwa sloti zilizotumika ni ngapi kati ya ngapi na RAM inakimbia spidi gani. Yangu ilisoma moja kati ya mbili, 2400, nikajua nafasi ipo. Ila kuna laptopu nyingi nyembamba za sasa RAM imechomelewa kwenye bodi kabisa, hizo ulichonunua ndo hicho hicho mpaka kufa, kwa hiyo ukiwa bado unatafuta mashine uliza mapema.

Dukani jamaa akaning'ang'aniza nitoe ile ya zamani niweke kipande kimoja cha 16 "ubakize nafasi ya baadaye". Kwa mtu anayejua kesho kutwa ataenda 32 ushauri siyo mbaya, na 840 G5 inafika hiyo 32 bila shida. Kwa mtu wa gemu asiye na kadi ya grafiki, hapana, na hapa ndo nataka mnisikilize vizuri kwa sababu ndo kitu kilichoniletea tofauti kubwa kuliko hata hiyo namba 16.

Grafiki ya hii mashine ni Intel UHD 620, haina kumbukumbu yake yenyewe, inaazima kwenye RAM hiyo hiyo unayofanyia kazi. RAM ikiwa kipande kimoja inapita chaneli moja, yaani njia moja tu ya data, na DDR4 (aina ya RAM ya hii mashine) ya spidi 2400 inakupa kama GB 19.2 kwa sekunde kwa mahesabu ya kwenye karatasi. Vikiwa viwili vinavyolingana, kila sloti yake, zinafunguka chaneli mbili, inakuwa GB 38.4. Kwenye kuandika barua hutaiona hiyo tofauti. Kwenye gemu utaiona tu, kwa sababu ile grafiki ilikuwa inakufa kiu muda wote.

Siyo maneno ya kusoma tu, fundi wangu alikuwa na kipande cha 16 cha mtu mwingine, tukajaribu kwenye mashine ile ile, gemu la GTA V, ukubwa wa picha 720p, mipangilio yote ya grafiki chini. Kipande kimoja cha 16, fremu ishirini na kitu kwa sekunde, ukiingia mjini na gari kwa spidi inakata kata. Tukatoa tukaweka mbili za 8, thelathini na kitu, na kile kukata kata kikapungua sana. GB ni zile zile 16!

Kufunga ni kazi ndogo ila usikurupuke. Zima kabisa, chomoa chaji, fungua kifuniko cha chini (yangu ilikuwa na vumbi jekundu la kutosha kupandia mchicha), chomoa waya wa betri kwanza. RAM inaingia kwa kulala upande, unasukuma mpaka zile dhahabu zisionekane, ndo unaibonyeza chini vile vibanio vya pembeni vinalia tap. Kama hailii usilazimishe, angalia ule mkato wa katikati umekaa sawa, na DDR3 haiingii kwenye DDR4 hata ufanyeje, mkato wake uko sehemu nyingine. Ukiiwasha mara ya kwanza kioo kinaweza kubaki cheusi kidogo, usipaniki, inaipima RAM mpya. Na kama vipande vina spidi tofauti, tuseme 2400 na 2666, vyote vitakimbia ile ya chini.

Baada ya hapo kazi za mchana zimekuwa kazi. Nikiwa na mambo yote yale niliyotaja inacheza GB 9 mpaka 11, Word inakuja papo hapo, na naweza kuliacha gemu limefunguliwa chini nikamprintia mtu fomu nikarudi. Kuna watu wanashtuka wakiongeza RAM wanakuta Windows peke yake inatumia nyingi kuliko zamani, hiyo ni kawaida, ikiona nafasi inatunza vitu ili vifunguke haraka, ukihitaji inaviachia.

Ambacho hakijabadilika: kuwaka ni kule kule, kugeuza PDF kubwa ni kule kule, hizo kazi za prosesa na diski. Ukiacha ile ya gemu na chaneli mbili, RAM haikuongezei spidi ya mashine, inakutolea kukwama tu, anayekuuzia kwa maneno mengine anakupiga.

Hiyo 32 basi ni ya nani? Binamu yangu Ujiji anaeditisha vidio za harusi kwenye Premiere, na Adobe wenyewe wanashauri 16 kwa vidio za HD na 32 kwa 4K, kwa hiyo yeye sawa. Gemu kubwa za sasa nazo zinapanda, Cyberpunk 2077 kima cha chini ni GB 12, gemu la mpira FC 24 ni 8 na wanapendekeza 12. Kwa hiyo kwa gemu 16 bado iko salama, 8 ndo imeshabaki mlangoni.

Bei sasa. Kama unasubiri ishuke mimi sikushauri. Kuanzia mwishoni mwa 2025 bei za RAM zimepanda duniani kote kwa sababu kampuni za akili mnemba zinazoa kumbukumbu kwa ajili ya vituo vyao vya data, na wanaotengeneza chipu hizi kwa wingi ni watatu tu, Samsung, SK Hynix na Micron. Micron mwezi Desemba 2025 wakatangaza kabisa kwamba wanaachana na Crucial, ile ya kuuzia watu wa kawaida. Mpaka ifike huku Kigoma mwisho wa reli kila mtu kaweka chake juu. Mimi nilichukua iliyotumika, nikataka ijaribiwe mbele yangu ndo nilipe, na DDR4 zilizotumika ziko nyingi, naona ni kwa sababu ofisi zimetoa mashine nyingi baada ya Windows 10 kuisha muda wake Oktoba 14, 2025.

Mdogo wangu kwa sasa anataka FC mpya kwenye hii hii EliteBook, kaona 16 imesoma basi anajua kila kitu kitakubali. UHD 620 haiwezi, hata uijaze RAM mpaka juu, nimemwambia atafute deskitopu yenye kadi ya grafiki, na iwe na sloti mbili.