Gobore la gumegume kalibre 50, baada ya Jumamosi tatu za kurekebisha shabaha

Najua jina litawachekesha. Ukimwita mwanaume gumegume umemtukana, lakini bunduki ya gumegume ndo hiyo ya jiwe, haina fataki haina ganda, unamimina baruti mdomoni, unashindilia goroli kwa mdeki, jiwe likigonga chuma cheche zinamaliza kazi. Nimenunua moja mpya ya kalibre 50, yaani tundu la mtutu ni kama nusu inchi, nikaipeleka renji Jumamosi tatu, sasa naweza kuisema kwa mazuri na mabaya yake.

Siku ya kwanza nilirudi nimenuna. Yadi 25 risasi zinakaa chini, kusogea yadi 50 ndo zinakaa kama sentimita 10 chini ya katikati, nikasema hapa nimepigwa. Mzee anayesimamia renji akacheka, akasema saiti ya mbele, kile kinundu cha kulengea, inaachwa ndefu makusudi, mwenye bunduki ndo aipige tupa mpaka iendane na baruti anayotumia, maana ukiipunguza hiyo ya mbele risasi inapanda. Na ni kidogo sana jamani, kwenye yangu saiti mbili zimeachana sentimita 70 hivi, kwa hiyo sentimita 10 kule mbele ni milimita moja na nusu tu ya tupa.

Basi mi na kiherehere changu nikapiga tupa siku hiyohiyo, nikiwa natumia baruti greini 60 (greini ndo kipimo cha baruti). Wiki inayofuata najaribu 70, naona matundu yanakaa karibu karibu kuliko mwanzo, ila yote yamehamia juu! Na chuma ukishakilamba na tupa hakirudi. Sasa hivi nalenga ukingo wa chini wa duara jeusi ndo napiga katikati. Kwa hiyo tafuta kwanza kipimo bunduki inachokipenda, tupa iache nyumbani.

Kulia na kushoto sina malalamiko, saiti ya nyuma imebana vizuri kwenye mfereji wake, unaigonga taratibu na kipande cha shaba kuelekea upande unaotaka risasi iende, imeisha.

Kilichoniudhi ni jiwe lililokuja nayo. Limekatwa kwa msumeno, ukingo butu, kati ya mara kumi tatu linagonga tu kavu. Nimeweka jiwe jeusi la kuchongwa kwa mkono, nikalifunga kipande cha ngozi ili taya za nyundo zilishike, na tatizo likaisha palepale, kumbe kile kibao cha chuma kinachogongwa ni kigumu safi kabisa. Halafu usijaze kisahani cha baruti, kile cha nje kinachopokea cheche, mpaka juu, nilifanya hivyo nikasikia chwiii... ndo paa, kwa sababu ukifunika kitundu kinachopitisha moto kuingia mtutuni, moto unaungua kama utambi mpaka ufike ndani. Chini ya nusu inatosha, ile baruti laini kabisa. Na iwe baruti nyeusi ya kweli, zile mbadala zinataka joto kubwa zaidi kuwaka na cheche za jiwe zinashindwa.

Ila aliyekuwa anaharibu kuliko saiti ni mimi mwenyewe. Mzee alinipokonya bunduki, akageuka, akanirudishia. Nikalenga, nikavuta, kisahani kikawaka fuu usoni, mtutu mtupu! Hakuweka kitu ndani. Na nilijiona kabisa nimefumba macho na kuuvuta mtutu chini kushoto. Tumerudia hivyo kama mara nane mpaka nikaacha kushtuka, na matundu yangu ya kushoto yakapotea bila kugusa saiti.

Vitambaa vya kufungia goroli viokote wakishasimamisha kupiga, uvikague. Vyangu vya unene wa inchi 0.015 vilikuwa vinachanika, mtutu mpya bado una makali ndani, nikahamia 0.018 na goroli ileile ya 0.490 vikawa vinatoka vizima na doa jeusi tu katikati. Na futa mtutu kila ukipiga, mi nilivivia, mpigo wa nne mdeki ukagoma nusu njia.

Kama bunduki yako ina mtambo wa jiwe na kisahani upande wa kulia omba meza ya mwisho kulia, moto wa kitundu unatoka pembeni na jirani hatakushukuru. Ikigoma kuwaka, mtutu ubaki umeelekea shabaha, hesabu dakika nzima ndo uiguse.

Nyota nne kwa tano, moja nimekata kwa ajili ya lile jiwe. Triga ni nzito kidogo, sijaamua kama nimpelekee fundi au nizoee. Kuosha ni jioni ileile kwa maji ya vuguvugu na sabuni halafu mafuta, niliacha mpaka kesho yake mara moja tu nikakuta kutu imeshaanza kwenye kisahani.