Sabufa yetu ya sebuleni baada ya miezi minne

Nilinunua hii sabufa Kariakoo kwa laki na themanini, ile ya spika mbili ndogo na boksi moja kubwa la besi, ina blututhi, redio na sehemu ya flashi. Sikuinunua kwa ajili ya shughuli, nilitaka tu nyumba isikilize mziki pamoja maana ilifika mahali kila mtu na hedifoni zake, watoto chumbani, mimi jikoni, na baba mkwe alipohamia kwetu kutoka Morogoro akawa anashinda sebuleni kimya na TV.

Siku ya kwanza nusura niirudishe. Baba ni mtu wa Sikinde, yaani bendi ya dansi ya Mlimani Park, anawasikiliza tangu bendi inaanzishwa 1978, nikamwekea flashi ya zilipendwa kikatoka kishindo cha besi tupu, glasi za kabatini zinatetemeka, sauti ya mwimbaji wao Bitchuka kama inatokea kisimani. Hizi sabufa jamani zinakuja na besi imepandishwa kwa ajili ya miziki ya siku hizi, wakati dansi utamu wake uko kwenye magitaa yanavyojibizana na zile tarumbeta. Nikachukua rimoti nikashusha besi chini ya nusu, trebo nikapandisha, boksi nikalitoa juu ya kabati nikaliweka chini mbali na kona. Ikawa kitu kingine kabisa. Baba akasogeza kiti, akasema "ehee, hapo sasa."

Basi Jumapili baada ya kula ni zamu yake. Anamwita mjukuu, haya nitafutie solo, rithimu iko wapi, sekondi solo je, na mtoto anafumba macho ananyoosha kidole kila gitaa linapoingia, ana miaka tisa tu huyo, mi mwenyewe sekondi solo nimeanza kuisikia mwaka huu. Halafu mtoto naye anaweka singeli zake, babu anavumilia nyimbo mbili, ndo makubaliano.

Redio inashika vizuri ukining'iniza waya wa antena dirishani, blututhi haina shida. Kinachoniudhi ni umeme ukikatika, ukirudi flashi inaanza wimbo wa kwanza na besi imepanda yenyewe kama ilivyotoka dukani. Anayejua sabufa ya bei hii inayotunza setingi aniambie tafadhali. Jumapili iliyopita umeme umekatika mara tatu, na mara zote aliyekimbilia rimoti kushusha besi ni yule mtoto.