TAHADHARI: Shokapu za nyuma "zilizotuniwa upya" kutoka Dar, msipigwe

Wakuu, hasa nyie wa Arusha, Moshi na Lushoto mnaopanda baiskeli za milimani. Kuna muuzaji wa vipuri vya mtumba anatangaza shokapu za nyuma za Fox na RockShox, eti "zimefanyiwa sevisi kamili na kutuniwa kwa uzito wako". Hela mbele, mzigo unapandishwa basi Dar. Watu wameshapigwa, na shokapu zao zinaishia mezani kwangu kwa sababu kazi yangu ndiyo hiyo ya kuzifungua.

Ukimpigia anakuhoji kama daktari: una kilo ngapi, unapanda wapi, unaruka au huruki. Unaona kabisa huyu ni fundi. Anakutajia bei ya shokapu, halafu juu yake laki moja na nusu, "hela ya kutuni". Mzigo unafika umefungwa vizuri, shokapu inang'aa, stika mpya, na kikaratasi kimeandikwa: usipunguze hewa, utaharibu setingi.

Hicho kikaratasi ndicho cha kukushtua. Hewa anaipima mpandaji mwenyewe, akiwa juu ya baiskeli yake na begi lake mgongoni. Unakaa, unashuka taratibu, unaangalia oringi (kile kipete cha mpira) imesogea kiasi gani kwenye fimbo. Wengi tunalenga asilimia 25 hadi 30 ya mwendo wa shokapu, yaani umbali wote inaoweza kubonyea. Yenye mwendo wa mm 55, asilimia 30 ni mm 16.5. Jamaa anaijaza hewa kupita kiasi ili uisikie ngumu, udhani ni nzima. Ukiishusha hadi kiwango chako, mambo yanaanza: inazama kwanza bila ukinzani wowote, halafu inarudi kwa kishindo na kukurusha mbele. Kitufe cha kurekebisha kasi ya kurudi unakizungusha mwanzo hadi mwisho, hakuna kinachobadilika.

Kutuni kweli ni kazi ya ndani. Kwenye dampa, yaani sehemu ya mafuta inayopunguza kasi ya shokapu, kuna pistoni, na juu ya pistoni rundo la washa nyembamba sana zinazopinda mafuta yakipita. Fundi anabadilisha unene na mpangilio wa hizo washa, anaweka mafuta mapya na sili mpya, anahakikisha hakuna hewa iliyobaki kwenye mafuta, kisha anajaza naitrojeni. Bila mtungi na vifaa vyake hufanyi.

Sasa mojawapo ya hizo za "sevisi kamili": tundu la skrubu ndogo ya kujazia naitrojeni lilikuwa limejaa vumbi lililoganda, ufunguo hauingii mpaka nilichokonoe kwa sindano. Huyo fundi aliingilia wapi? Mafuta meusi, yana povu. Na kwenye kopo la hewa, mahali pa zile spesa za kiwandani za kupunguza nafasi ya hewa, nikakuta vipande vya plastiki ya njano vimekatwa kwa kisu kutoka kwenye dumu la mafuta ya kula. Kimoja bado kina nusu ya herufi. Nilicheka, mwenye shokapu hakucheka.

Nyingine ilikuwa hatari zaidi. Nimebandua stika kwa kucha, chini yake iko ya kiwanda: 200 x 57, yaani urefu mm 200, mwendo mm 57. Mteja aliagiza 200 x 51. Urefu ni uleule, matundu yanakaa, inafunga bila shida, kwa hiyo hushtuki. Lakini hizo mm 6 za ziada zinaruhusu gurudumu kupanda kuliko fremu ilivyokusudiwa, na shokapu ikifika mwisho tairi linaweza kugonga mrija wa siti. Likugonge hivyo ukiwa unateremka msitu wa Olmotonyi, Arusha, kwa kasi, uone.

Kama bado unataka ya mtumba, dai picha ya namba za kiwanda, stika ya juu ikiwa imebanduliwa. Fox zina msimbo (code) wenye alama nne, herufi na tarakimu, RockShox zina namba yake ya mfululizo (serial). Zote unaziingiza kwenye tovuti za kampuni, unapata aina na vipimo. Dai pia video ya shokapu ikikandamizwa, kitufe kikiwa wazi kabisa kisha kikiwa kimefungwa, tofauti ionekane. Akianza "kaka niamini tu", achana naye. Lipa pale tu mtu wako wa Dar akiwa ameishika mkononi.

Na kwa ambao tayari mnayo: kama imebonyea na haitaki kurudi hata ukiijaza hewa, usifungue kopo mwenyewe. Hewa inakuwa imenasa upande wa pili, inaweza kulirusha kopo usoni.

Namba za simu anabadilisha, na jina linalotokea ukituma hela silo analojiita. Aliyelipa atunze meseji ya muamala, picha za tangazo, kile kikaratasi na stika aliyobandua, aende navyo polisi akachukue RB.